Sura Zisizo na Majina: Picha za Kale na Historia ya Ukoo

Mwalimu anapofundisha tamthilia huwauliza wanafunzi wake: kazi hii imetungwa na nani, kwa ajili ya nani, na kwa shabaha gani? Maswali hayo hayo hatuna budi kuyauliza mbele ya picha za kale za nchi yetu. Picha nayo ni kazi iliyotungwa. Ina fani na ina maudhui, na anayeitazama bila kuihakiki hudanganyika kwa urahisi.

Jambo hili lina uzito zaidi katika siku zetu, kwa sababu picha nyingi zilizofungiwa Ulaya na Marekani sasa huonekana katika mtandao wa intaneti. Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani kimeweka mtandaoni mkusanyiko wa Winterton, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya miaka 1860 na 1960. Picha za wamisheni wa Leipzig, waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, zimo katika hifadhi ya picha za kimisheni ya Chuo Kikuu cha Southern California. Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani nayo, mwaka 2008, ilitoa maelfu ya picha zitumiwe na watu wote, zikiwamo za Walther Dobbertin, aliyepiga picha huku kwetu enzi za utawala wa Wajerumani. Mwanafunzi wa Moshi au Tanga aweza leo kuzitazama kwa simu ya mkononi.

Lakini ajaribu kuandika jina la babu wa babu yake. Mara nyingi hatapata kitu. Haina maana kwamba mzee huyo hakupigwa picha. Huenda yumo, amesimama safu ya nyuma, ila aliyeandika maelezo hakumwuliza jina. Mzungu aliyeketi kitini ametajwa kwa jina na cheo. Waliomzunguka wameitwa “askari”, “wapagazi”, “mtumishi”, au “mwanamke wa Kichaga”. Hapo ndipo maudhui ya picha nyingi za kikoloni yanapojitokeza: mtawala ni mtu, mtawaliwa ni mfano wa kabila lake. Wapagazi wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ni ushahidi wa kutosha. Kikosi chao kimeacha jina lake Kariakoo, Dar es Salaam, wala hakuna asiyelijua. Sura zao zimehifadhiwa katika picha za vita, lakini majina yao kwa sehemu kubwa hayamo.

Fani nayo yahitaji jicho kali. Mjini Zanzibar, studio za A. C. Gomes na za ndugu Coutinho zilitengeneza picha zilizouzwa kwa wageni kama kadi za posta. Mnunuzi alitaka kuona “uzuri wa Mashariki”, na mpiga picha akampangia. Kwa hiyo mjukuu asiharakishe kusema kwamba kila pambo lililovaliwa lilikuwa mali ya aliyelivaa. Tofauti ni kubwa tukilinganisha na picha ambazo wananchi walijilipia wenyewe, kama zile za Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 huko huko Zanzibar. Aliyekwenda kulipia picha yake alichagua nguo, alichagua wa kusimama naye, na alikuwa mtunzi pamoja na mpiga picha.

Wako wanaosema kwamba picha za mkoloni zitupwe zote, kwa kuwa ni masalio ya dharau. Rai hiyo haifai. Maelezo ni ya mkoloni, lakini sura ni za wazee wetu. Tukiitupa picha kwa sababu ya maelezo yake tutakuwa tumewapoteza mara ya pili. Kazi yetu ni kuirudishia picha majina yake, na kazi hiyo ina utaratibu wake.

Kwanza, mtafiti asianze na jina la ukoo. Aanze na mahali, mwaka, na jina la mpiga picha. Akumbuke pia tahajia za Wajerumani: Moschi, Bagamojo, Daressalam, Dschagga. Pili, alinganishe tarehe. Picha ya mwaka 1905 haiwezi kumwonyesha mtu aliyezaliwa mwaka 1910, hata wakifanana kama shilingi kwa ya pili. Tatu, aipeleke picha kwa wazee, lakini asiwaambie analolitumaini. Amwulize kila mmoja peke yake: huyu ni nani, nyumba hii ilikuwa wapi, kilima hiki ni kipi? Wakikubaliana bila kuambiana, hapo ana jambo la kuandika. Wakihitilafiana, aziandike kauli zote, na kila kauli aitaje mwenyewe.

Mtandao, pamoja na faida zake zote, hauwezi kuifanya kazi hiyo ya tatu. Hifadhi ya ng'ambo ina sura. Jina limebaki katika kumbukumbu ya bibi kizee aliyeketi barazani, na siku atakapozikwa litazikwa naye. Tena picha nyingi zilizo bora kwa historia ya ukoo hazimo mtandaoni kabisa. Zimo katika masanduku ya nyumbani mwetu, zikiliwa na mchwa, na nyuma yake hapakuandikwa neno. Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao.

Basi mwalimu na awape wanafunzi wake zoezi la likizo: kila mmoja achukue picha moja ya kwao, aketi na mzee, na aandike nyuma yake, kwa penseli, majina ya wote walioonekana humo. Vizazi vijavyo visilazimike kuwaita wazee wetu kama mkoloni alivyowaita.