Daktari Aliyerudi Bukavu

Wengi walimfahamu Denis Mukwege mwaka 2018, alipotunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel pamoja na Nadia Murad. Tangu hapo amesifiwa sana kwa hotuba zake, na anastahili. Lakini habari ya tuzo ile ilimkuta chumba cha upasuaji, Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, akiwa na mgonjwa mezani, na huko ndiko ninakotaka kumsifia. Upasuaji aliobobea ni kazi ngumu isiyo na fahari, na wanaoielewa ni wachache mno.

Fistula ya uzazi huanza pale uchungu wa kujifungua unapokwama. Kichwa cha mtoto hakipiti, hospitali iko mbali, mkunga ameishiwa la kufanya; siku ya kwanza inapita, na ya pili. Muda wote huo kichwa kinakibana kibofu kwenye mfupa wa kinena, damu haifiki, nyama inakufa. Mara nyingi mtoto naye hufa. Baada ya siku chache ile nyama iliyokufa hubanduka, likabaki tundu kati ya kibofu na uke, na mkojo ukawa unavuja mchana na usiku. Pengine tundu hutokea upande wa nyuma, na kinachopita ni haja kubwa. Wapo walioachwa na waume zao kwa sababu hiyo, na wapo walioishi hivyo miaka mingi, kila mmoja akidhani yuko peke yake duniani. Kivu, eneo lenye mji wa Bukavu, ina chanzo cha pili, cha kutisha zaidi: wanawake waliobakwa na watu wenye silaha na kuharibiwa kwa makusudi.

Kulifunga tundu hilo si kazi ya papara. Mpasuaji anafanya kazi ndani ya nafasi finyu yenye kina, kwenye nyama iliyojaa makovu. Kwanza hutenganisha ukuta wa kibofu na ukuta wa uke, taratibu, kuzunguka tundu lote, mpaka kila ukuta uweze kusogea peke yake. Kisha hushona, na hapo ndipo fundi anapojulikana. Ni kama kutia kiraka kanga kuukuu iliyolowa: ukikaza uzi, inachanika pembeni mwa ulipoziba. Nyama ikivutwa, damu hukosa njia na tundu hurudi. Karibu kabisa na hapo hutokea mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo. Ukiushona mmojawapo kwa bahati mbaya, umeua figo. Akishamaliza, hujaza kibofu maji yenye rangi ya buluu na kuangalia kama kuna tone linalopenya.

Baada ya hapo mama hukaa na mpira wa mkojo kwa wiki mbili hivi, na kazi inahamia kwa wauguzi. Mpira ukiziba usiku muuguzi akiwa amelala, kibofu hujaa na mishono yote hufumuka. Jaribio la kwanza ndilo lenye matumaini makubwa, kwa kuwa kila kovu jipya hulifanya linalofuata kuwa gumu zaidi. Ndiyo maana nasema mpasuaji mwenye haraka ni hatari hapa kuliko asiyejua kabisa, maana asiyejua angalau humpeleka mgonjwa kwingine.

Ujuzi huu una deni la zamani. Katika miaka ya 1840, huko Alabama, Marekani, J. Marion Sims alijifunza kufunga matundu haya kwa kuwapasua tena na tena wanawake watumwa, bila dawa ya usingizi. Majina ya watatu kati yao tunayo: Anarcha, Betsey na Lucy. Anarcha alipasuliwa mara 30 hivi. Kila anayeusifu ufundi huu awataje wao kabla ya kumtaja daktari yeyote.

Mukwege alizaliwa Bukavu mwaka 1955, mwana wa mchungaji. Alipokuwa mtoto alifuatana na baba yake kuwaombea wagonjwa, na akamuuliza mbona anasali tu bila kutoa dawa. Baba akamjibu kwamba yeye si daktari. Mtoto akaamua hiyo ndiyo itakuwa kazi yake. Alisomea udaktari Burundi, akamaliza mwaka 1983, akaenda kufanya kazi hospitali ya Lemera, huko Kivu. Huko aliwaona akina mama wanaofika kutoka milimani wakiwa wameumizwa na uzazi, akasafiri hadi Angers, Ufaransa, kusomea tiba ya wanawake. Angeweza kubaki huko. Alirudi Lemera mwaka 1989. Oktoba 1996 hospitali hiyo ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani pamoja na wafanyakazi. Mwaka 1999 alianzisha Hospitali ya Panzi, Bukavu, akikusudia kuwahudumia wajawazito. Mgonjwa wake wa kwanza hakuwa mjamzito: alikuwa mwanamke aliyebakwa, kisha akapigwa risasi.

Oktoba 2012 watu wenye silaha waliingia nyumbani kwake, wakawashikilia mabinti zake wakimsubiri. Mlinzi wake aliuawa. Familia ikakimbilia nje ya nchi. Akina mama wa Kivu, wengi wao wakiishi kwa chini ya dola moja kwa siku, wakauza mananasi na vitunguu ili wamnunulie tiketi ya kurudi. Januari 2013 alirudi, na umati ukampokea. Tangu hapo yeye na mkewe Madeleine waliishi ndani ya uzio wa hospitali, wakilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Tunaposifu kujitolea kwa daktari, huwa tunasahau kuwa mke na watoto nao wamelipa, na pengine hakuna aliyewauliza.

Mwaka 2015, akiwa na miaka 60, alipata shahada ya uzamivu Brussels kwa utafiti kuhusu fistula. Aliendelea kufundisha madaktari vijana kazi ileile ya sindano na subira. Amesimulia jinsi alivyomtibu mama, baadaye binti wa mama huyo, baadaye mjukuu, wote kwa majeraha ya ubakaji. Baada ya kuyaona hayo mezani, alikuwa na kila haki ya kupaza sauti.

Msomaji, fistula inatibika. Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT huitibu bila malipo. Kama kijijini kwenu yuko mama anayejitenga na watu kwa sababu ya mkojo usiokatika, mwambie hivyo, kisha umsindikize.