Baada ya Salamu: Waraka wa Idi na Adabu ya Utawala kutoka Unguja hadi Maniema

Katika taaluma ya fasihi ya Kiswahili, waraka umesimama mlangoni kwa muda mrefu bila kukaribishwa ndani. Tenzi zimehaririwa, riwaya zimechambuliwa, hata methali zimeainishwa kwa makundi. Waraka umeachiwa wanahistoria, nao wana mazoea ya kuruka mistari yake ya mwanzo ili wafike upesi penye maneno "ama baada". Makala haya yanahusu mistari hiyo inayorukwa, hasa pale ambapo ndiyo waraka mzima: salamu za sikukuu baina ya watawala wa Kiarabu na maofisa wa kikoloni.

Umbo la waraka wa Kiswahili wa karne ya 19, ulioandikwa kwa hati ya Kiarabu, linafahamika vyema tangu C. G. Büttner alipochapisha mkusanyo wake mjini Berlin mwaka 1892. Mwandishi huanza kwa kumtaja mpokeaji kwa sifa zilizopangwa kwa daraja: jenabu, mpenzi, mheshimiwa, ndugu. Hufuata salamu, kisha habari ya hali, ambayo kwa kanuni huwa njema hata kama jambo litakaloelezwa chini yake ni msiba. Baada ya kiini cha waraka huja ahadi kwamba haja yoyote aliyo nayo mpokeaji huko aliko, ishara yake inatosha. Mwisho huwekwa tarehe ya Hijiria na jina la mwandishi. Ni umbo lililokazwa kama shairi la arudhi, na kama ilivyo katika shairi, maana hujitokeza pale kanuni inapolegezwa au kukazwa kupita kawaida. Sifa moja ikipunguzwa, mpokeaji huihesabu.

Makarani wa Kiingereza katika Unguja na katika Ghuba hawakuona hivyo. Walipotafsiri barua za masultani na mashekhe walizoea kuanza na maneno mawili tu, "baada ya salamu", ambayo baadaye yalifupishwa zaidi yakawa herufi mbili. Kwa kalamu hiyo moja nusu ya matini ilifutwa. Lakini waraka wa Idi uliwashinda. Humo hamna "ama baada". Ukiondoa salamu karatasi hubaki tupu. Kwa hiyo iliwabidi kuutafsiri, kuujibu na kuuwekea jalada. Ndiyo maana katika kumbukumbu za ofisi za Uingereza za Ghuba mna majalada ya pongezi za Idi peke yake, yenye barua zinazofanana mwaka baada ya mwaka. Msomaji mvivu atayaona hayana kitu. Msomaji wa fasihi atatambua kwamba tanzu zote zenye kanuni kali huonekana hivyo kwa mgeni.

Unguja, salamu hiyo ilikuwa na jukwaa. Baraza la Idi katika kasri ya Sultani lilihudhuriwa na wakubwa wa Kiarabu, wafanyabiashara na makonseli wa mataifa, na baadaye na Balozi Mkazi wa Uingereza akiwa katika sare yake ya heshima. Kila mtu alijua mahali pake pa kuketi na zamu yake ya kutoa mkono. Sayyid Khalifa bin Harub alikalia kiti hicho tangu 1911 hadi 1960, na kwa muda wote huo Mwingereza aliyeshika madaraka hasa ndiye aliyekuja kumwamkia. Kuna wanaouita huo mchezo wa kuigiza. Sawa, lakini mchezo wa kuigiza ni fani, na hakiki yake haiishii katika kugundua kwamba mfalme wa jukwaani hana jeshi. Bunduki za manowari zilikuwa zimekwisha kulisema hilo tarehe 27 Agosti 1896, katika muda usiofika saa moja. Swali lenye maana zaidi ni kwa nini, baada ya kulisema, Mwingereza aliendelea kuihitaji salamu.

Bara, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Tarehe 24 Februari 1887, mjini Unguja, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, alitia sahihi mkataba uliomfanya liwali wa Stanley Falls, ambayo leo ni Kisangani, kwa niaba ya Mfalme Leopold II. Mshahara wake ulikuwa pauni 30 kwa mwezi, na aliwajibika kupandisha bendera ya Dola Huru ya Kongo. Alifika kituoni katikati ya Juni, mfungo wa Ramadhani ya 1304 ukielekea ukingoni. Idi ya kwanza ya uliwali wake iliangukia siku chache baadaye, yapata tarehe 23. Kuanzia hapo mtu mmoja aliishi katika kalenda mbili: moja ya kufunga na kufungua, nyingine ya kupokea mshahara na kutoa hesabu. Nyaraka za Maniema zinabeba alama ya maisha hayo. Afisa wa Kibelgiji anasalimiwa kwa sifa zilezile za Kiislamu alizopewa tajiri wa Tabora au jamaa wa Unguja, kwa sababu lugha ya adabu iliyokuwapo ilikuwa hiyo tu.

Hapa ndipo ile ahadi ya haja inapostahili kutazamwa kwa makini. Baina ya watu wa daraja moja, "haja yoyote, ishara yako yatosha" ni ukarimu usiotarajiwa kudaiwa. Anayeitikia kwa kutaja haja papo hapo hana adabu. Afisa wa Dola alikuwa na haja za kweli, nazo zilijulikana: pembe, wapagazi, askari, njia. Fomula ileile, bila kubadilika neno, ikaanza kusomeka kama hati ya utii. Huenda huu ndio mfano bora kabisa, katika nathari ya Kiswahili ya wakati huo, wa jinsi muktadha unavyoweza kugeuza maana ya tungo huku tungo yenyewe ikikaa palepale.

Mwaka 1892 vita vilizuka. Ngongo Lutete alikuwa amehamia upande wa Dola, na Sefu, mwana wa Tippu Tip, akataka arudishwe. Wabelgiji wawili waliokuwa wakazi huko Kasongo, Lippens na De Bruyne, waliuawa Desemba mwaka huo. Dhanis aliingia Nyangwe tarehe 4 Machi 1893, wiki mbili hivi kabla ya Ramadhani ya 1310. Idi ilikuwa karibu na tarehe 18 Aprili. Kasongo ilianguka tarehe 22.

Wahakiki wamezoea kusoma adabu hizi kwa njia mbili: ama ni ganda tupu, ama ni unafiki. Njia zote mbili zina kasoro moja, nayo ni kudhani kwamba salamu huwahusu wawili tu. Katika nyaraka hizi wanaokosekana ni wengi kuliko wanaosalimiana. Mwishoni mwandishi huwasalimu jamaa na marafiki wa mpokeaji, nao wa kwake huwasalimu kupitia kwake. Lakini Mkusu, Mzimba au Mbembe aliyebeba pembe zinazozungumziwa hana salamu. Adabu ilikuwa ya kweli, na ilikuwa na mpaka.

Kwa msomaji wa Bukavu jambo hili haliko mbali. Liwali hakuwahi kukaa Bushi, na mji wenyewe, Costermansville ya Wabelgiji, ulikua baada ya dola za Waarabu kuvunjwa. Lakini Kiswahili kinachosemwa Kadutu na Ibanda kilipita katika vinywa vya wangwana wa Maniema, kisha kikaandikwa upya na wamisionari kwa herufi za Kirumi. Sikukuu zake ni Noeli na Bonane, neno la Kifaransa lililokwisha kuvaa mavazi ya Kibantu. Hati ya Kiarabu ikaachwa njiani, na pamoja nayo maandishi ya kwanza ya Kiswahili katika Kongo.

Xavier Luffin alikusanya nyaraka za Kiarabu na Kiswahili za 1880 hadi 1899 kutoka hifadhi za Ubelgiji na kuzichapisha mwaka 2020, kwa ufafanuzi wa Kifaransa. Kazi hiyo ni msaada mkubwa, hasa kwa kuwa inazichukulia nyaraka hizo kuwa sauti na si viambatisho vya ripoti za kijeshi. Hata hivyo mwanafunzi wa Kiswahili wa Kivu anafika kwenye nathari ya lugha yake kupitia lugha ya pili, na hati asiyofundishwa. Semina moja ya kusoma hati hiyo, ikianza na salamu na kukaa hapo muhula mzima kabla ya kufika "ama baada", haihitaji vifaa vingi zaidi ya ubao na nakala chache.