Mazrui Yupi?

Kuna tasnifu inazungushwa hapa Timbwani, Likoni, kama bibi harusi: jalada gumu, herufi za dhahabu mgongoni, na mwishoni faharasa ya waandishi ya safu mbili. Kila anayeishika anasifu. "Hii imejipanga yenyewe, kompyuta tu!" Imejipanga yenyewe kweli, na ndiyo maana ni mbovu.

Safu na nukta zisikushughulishe. Nenda kwenye M, umtafute Mazrui. Tasnifu gani ya pwani isiyomtaja Mazrui? Lakini yupi? Yuko Sheikh Al-Amin bin Ali, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Yuko mwanawe, Profesa Ali A., aliyefariki 2014. Yuko Alamin M., mwanaisimu na mtunzi wa tamthilia. Kisha wako Mazrui waliotawala Mombasa mpaka 1837, ambao wametajwa katika sura ya historia na hawakunukuliwa popote. Katika tasnifu hii inayosifiwa, wote hao ni mstari mmoja, "Mazrui", wenye mkia wa namba za kurasa. Liwali aliyezikwa karne mbili zilizopita amekuwa mwandishi. Na pale palipoandikwa "Mazrui na Mazrui (1995)", yaani Ali na Alamin, pamehesabiwa mtu mmoja!

Fundi aliyeipanga alitengeneza jedwali la safu mbili, kushoto neno la kutafutwa, kulia ingizo, akaiachia programu ya Word iweke alama za faharasa. Word hulinganisha herufi, haimjui mtu. Tena kila neno hulitia alama mara moja tu katika aya, kwa hiyo aya ikivuka ukurasa, mtajo wa pili umepotea. Jedwali si haramu. Mwandishi kama Mnyampala, ambaye katika tasnifu ni mmoja tu, mtie humo. Mazrui anataka XE, yaani alama ya faharasa, iliyowekwa kwa mkono, yenye jina kamili, kila anapotokea. Wenye "al-" nao wana adabu yao: al-Ghassaniy hukaa kwenye G. Usiniulize kwa nini, ndipo anapokaa. Ndani ya XE, baada ya jina, weka nukta-mkato na neno la kupangia, yatosha.

Hapa Likoni alikuwapo mzee mmoja aliyefanya kazi hii kwa kadi ndani ya boksi la viatu. Kila kadi ilikuwa na jina, jina la baba na mwaka wa kitabu. Alikuwa akimsimamisha mwanafunzi mlangoni: "Mwanangu, huyu ni yupi?" Wengine walikasirika. Penye "na wenzake" aliwafuata wenzake hao hadi kwenye marejeleo, kila mmoja akapata kadi yake. Leo nani anafanya hivyo? Nimemwona pia mjanja aliyenakili majina kutoka marejeleo akabandika namba za kukisia. Aliumbuka pale msimamizi alipofungua ukurasa uliotajwa akakuta ramani tupu.

Kosa jingine hujificha mwishoni. Alama za XE ni maandishi fiche; fundi akibonyeza F9 kusasisha faharasa huku zikionekana, mistari inasukumwa na namba zinateleza. Sura ya kwanza huwa sawa, ya mwisho imekwenda kombo. Basi mchukue mwandishi wa sura ya mwisho, si wa kwanza, umtafute kwenye ukurasa aliopewa. Na kama nukuu zimewekwa kwa Zotero, programu ya marejeleo, XE ikae nje ya nukuu. Ikiwa ndani, nukuu zikisasishwa inafutika, na faharasa itakuja pungufu bila hata kulalamika.

Ukienda kuchukua kazi yako, mlipe fundi aliyekusumbua kwa maswali. Aliyekukabidhi bila kuuliza hata moja, mdai faili lako na ulipeleke kwingine.