Kuubishia Ubao Hodi

Katika mabanda ya mbao ya Ilemela, mnunuzi mzoefu huutazama ubao, huupima kwa macho, kisha huugonga. Fundi samani hugonga ajue kama umekauka au una ufa ndani. Fundi gitaa hugonga kwa haja nyingine: anataka kusikia sauti itaishi muda gani kidole kikishaondoka. Sijui kazi ya mbao inayoliheshimu sikio kuliko hii.

Gitaa kavu, lile lisilotegemea umeme, halina pa kujificha. Nyuzi peke yake husikika kwa shida. Hutikisa daraja, daraja likatikisa ubao wa mbele, na ubao huo ndio unaosukuma hewa hadi masikioni. Lazima basi uwe mwepesi, na papo hapo uwe mgumu kupinda. Miti michache mno ina sifa hizo mbili kwa pamoja. Mafundi wengi huchagua sprusi, mti wa nchi za baridi unaokua taratibu hadi pete zake zikabanana kama kurasa za msahafu, wakauranda mpaka ubaki milimita 3 hivi. Misindano ya shamba la Buhindi, wilayani Sengerema, huota kwenye joto na mvua ya ziwa, ikanenepa haraka na pete zikatanuka. Hiyo ni mbao njema ya kenchi.

Mgongoni na mbavuni ndipo miti yetu inapoingia, na hapo mabishano huwa matamu. Mpingo wa Kilwa na Lindi una uzito unaopita kilo 1,200 kwa mita ya ujazo; ukiutupa ziwani unazama. Ubao wake ukigongwa hulia kama chuma, na wanaoupenda husema noti zake hudumu na besi yake ina kina. Mninga wa Tabora na Katavi una takriban nusu ya uzito huo. Naisikia sauti yake ikiwa ya joto, inayofika upesi na kuondoka upesi, ikimwachia mwimbaji nafasi. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda huko Katanga, Kongo, mwaka 1952, dunia ilisikia gitaa likipigwa kwa dole gumba na kidole cha shahada, noti zikifuatana bila kupumzika. Kwa upigaji wa namna hiyo, noti inayong'ang'ania huichafua inayofuata. Ndiyo maana naupa mninga kura yangu.

Lakini haki itendeke. Mwaka 1862 Antonio de Torres wa Hispania alitengeneza gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu, mbele akaweka sprusi, ili aonyeshe sauti inatoka wapi. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio la magitaa sita yaliyofanana kwa kila kitu isipokuwa mti wa mgongo na mbavu. Wapigaji 52 waliyapiga bila kuiona mbao, na alama walizotoa zilikaribiana sana. Wapo wanaoona matokeo hayo yanaushusha hadhi mti. Mimi naona yanampandisha fundi: anayeujua unene, anayechonga mihimili ya ndani kidogo kidogo na kusikiliza tena, ndiye mwenye sauti.

Mti bado una lake. Mninga hauvimbi wala kusinyaa sana, sifa kubwa kwa chombo kitakachoishi kando ya ziwa, penye unyevu wa masika na kiangazi kikavu. Mpingo una mafuta yanayoisumbua gundi, na kuupinda kuwa mbavu ni kazi ya jasho. Tena huchukua miaka 70 au zaidi kufikia umri wa kuvunwa, na tangu Januari 2017 jamii yake yote ya Dalbergia imo katika mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara yake. Kuutandaza mgongo mzima, mahali ambapo masikio ya wapigaji 52 hayakuona tofauti kubwa, ni israfu.

Fundi akiniuliza leo, nitaagiza sprusi mbele, mninga uliokaushwa kivulini mgongoni na mbavuni, na mkangazi kwenye shingo. Mpingo nitauomba vipande viwili tu, daraja na ubao wa vidole, kwa kuwa hapo nyuzi na kucha husugua kila siku na mti laini ungelika.