Gor Mahia 2015: mechi 30 bila kupoteza zilivyojengwa

Raundi nne au tano tu zikishachezwa, huku mtaani Lucky Summer, Nairobi, kombe huwa limeshagawiwa. Gor Mahia ikiwa bado haijapoteza, jezi za kijani huvaliwa hata siku za kazi, na anayetaja raundi zilizobaki huambiwa analeta mkosi. Ikipoteza moja, mjadala kwa vinyozi na vibandani ni kocha gani mwingine anapatikana. Nawaelewa wote, kwa kuwa mimi pia ni wa K'Ogalo, kama tunavyoiita Gor, na msimu ukianza usingizi hunipungua. Lakini mwanzo wa msimu una namna yake ya kusomwa, na msimu unaofaa kuusomea ni ule wa 2015.

Tuanze na rekodi. Mwaka ule Gor ilicheza mechi 30 za ligi, ikashinda 24, ikatoka sare 6 na haikupoteza hata moja. Hizo ni pointi 78. Lilikuwa taji la 15 la klabu na la tatu mfululizo, baada ya yale ya 2013 na 2014. Kabla ya hapo, Gor ilikuwa imemaliza ligi bila kupoteza mwaka 1976, miaka minane tu tangu klabu iundwe. Jirani zetu wa Tanzania wanaijua ladha hiyo: Simba walifanya hivyo msimu wa 2009/10, Azam wakafuata 2013/14. Mashabiki wa Arsenal, ambao mtaani hapa hawakosekani, watakutajia mechi zao 38 za 2003/04. Katika hizo walitoka sare 12.

Sasa hesabu kidogo, maana bila hesabu uchambuzi hugeuka kuwa ushabiki mtupu. Chukua timu nzuri ambayo, katika kila mechi kumi, inategemewa kupoteza moja. Uwezekano wa timu hiyo kuvuka mechi kumi za kwanza bila kupoteza ni kama 35 kwa 100. Maana yake, katika msimu mmoja kati ya kila mitatu itafika raundi ya kumi ikiwa safi, na hakuna ajabu yoyote iliyotendeka. Ipeleke timu hiyohiyo hadi mechi 30: uwezekano unaanguka hadi karibu 4 kwa 100. Iboreshe, iwe inapoteza mechi moja tu katika kila 20. Mechi kumi itazivuka mara 60 kwa 100, lakini mechi 30 ni mara 21 tu. Kwa hiyo mtu anayekuonyesha msimamo wa ligi mwezi wa pili wa msimu na kusema "hatujapoteza" hajakwambia mengi. Timu ya kawaida inaweza kufika pale ilipo, na timu bora pia. Tofauti yao haiko kwenye jedwali, iko uwanjani.

Na jedwali la mwanzo wa 2015 lilikuwa bovu kuliko kawaida. Msimu ulianza katikati ya ugomvi wa KPL, kampuni iliyoendesha ligi, iliyotaka timu 16, na FKF, shirikisho la soka nchini, lililotaka timu 18, hadi ikafika mahali kila upande una ligi yake. Gor nayo ilikuwa na safari za Ligi ya Mabingwa Afrika: iliitoa CNaPS Sport ya Madagaska, kisha ikatolewa na AC Léopards ya Kongo Brazzaville. Timu yenye mechi za bara huacha viporo, yaani mechi za ligi zilizoahirishwa, nyuma yake, na penye viporo, nafasi ya kwanza au ya tano haina maana mpaka mechi zilingane.

Basi mtu angetazama nini? Mimi ningeanza na kocha. Frank Nuttall, Mskoti, aliichukua timu mwaka 2014 baada ya Bobby Williamson kuondoka kwenda kuifundisha timu ya taifa, Harambee Stars, akaimaliza kazi ya mwenzake kwa kutwaa taji la mwaka huo. Makocha wengi wakipata msimu wao kamili wa kwanza hupenda kuweka muhuri wao kwa kubomoa. Nuttall hakubomoa. Uti wa mgongo ulibaki: Musa Mohammed na Harun Shakava katikati ya ulinzi, Jerim Onyango na Boniface Oluoch wakigombea lango, Collins Okoth "Gattuso" akichapa kazi dimbani. Wachezaji waliozoeana hawahitaji raundi sita za kufahamiana, na raundi sita za mwanzo ndizo ambazo wapinzani wanazitumia kufahamiana. Pointi zinazookotwa hapo huwa hazirudi.

Lakini kilichoifanya Gor ile isifungike kirahisi, kwa maoni yangu, kilikuwa pembeni, na hapa nitakaa kidogo. Kulia alikuwepo Karim Nizigiyimana. Kushoto Gor ilikuwa na utajiri ambao hakuna klabu nyingine nchini iliyokuwa nao: Mnyarwanda Abouba Sibomana na Mganda Godfrey Walusimbi, wote wawili mabeki wa kushoto kwa asili, na wote wawili wangeweza kuanza siku moja, Sibomana nyuma na Walusimbi mbele yake.

Fikiria winga wa kulia wa timu pinzani siku hiyo. Kazi yake ni kushambulia. Lakini Walusimbi akiingia ndani kidogo na kumvuta beki, Sibomana anapita kwa nje, na winga huyo analazimika kumfuata mpaka karibu na boksi lake mwenyewe. Asipomfuata, krosi inaingia. Akimfuata, mpira ukipokonywa, timu yake haina pa kuanzia shambulizi, kwa sababu mtu wa kuukimbilia yuko mita 70 kutoka lango la Gor, amechoka, na uso wake umeelekea upande usiofaa. Shambulizi la Gor lilikuwa pia ulinzi wa Gor. Kila mara watu wanapoisifia timu isiyofungwa hutaja mabeki wa kati na kipa, na wanastahili, ila mpira mwingi haukuwafikia kabisa kwa sababu ulikuwa umekufa kule mbali, kwenye mstari wa pembeni.

Mpango huo una hatari yake. Mabeki wote wawili wa pembeni wakipanda, nyuma wanabaki wawili. Ndiyo maana kiungo mkabaji ni mtu muhimu kuliko anavyoonekana kutoka jukwaani. Khalid Aucho, Mganda mwingine, alikuwa na sifa ambayo mashabiki huchelewa kuiona: anajua kutokwenda. Wenzake wote wakivutwa na mpira mbele, yeye anasimama mahali ambapo mpira utadondokea ukiokolewa. Mpira wa pili ukiwa wako, mpinzani hapumui, na krosi ya kwanza inafuatwa na ya pili na ya tatu. Mashabiki wa Yanga walikuja kumjua Aucho vizuri, wala hawahitaji nieleze zaidi.

Kuna pia suala la ardhi na mvua. Ligi yetu mwaka ule ilianza mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo raundi nyingi za mapema ziliangukia kwenye masika, Machi hadi Mei. Katikati ya uwanja huchimbika mapema, pasi fupi zinakwama kwenye tope, lakini pembeni nyasi hudumu. Timu inayopitisha mchezo wake pembeni na kuumalizia kwa krosi hupoteza kidogo sana mvua ikinyesha. Timu inayotegemea kiungo mmoja fundi hupoteza karibu kila kitu.

Mwisho wa krosi hizo alikuwepo Michael Olunga. Alitoka Thika United mwanzoni mwa msimu, kijana wa miaka 20 hivi aliyekuwa bado mwanafunzi wa Technical University of Kenya. Mrefu, mguu wa kushoto, hatua ndefu. Alifunga mabao 19 katika ligi. Hata hivyo hakuwa mfungaji bora. Jesse Were wa Tusker alifunga 22. Hapo pana jambo la kuzingatia. Tusker, majirani zetu hapa Ruaraka, walikuwa na mfungaji mkali kuliko sisi na hawakupata ubingwa. Tofauti ni kwamba Olunga alipobanwa, Gor haikubanwa. Akikimbia kuelekea mlingoti wa karibu, beki wa kati lazima aende naye, na nafasi ya nyuma yake inabaki wazi kwa George Odhiambo "Blackberry" au kiungo anayechelewa kuingia. Bao linaandikwa kwa jina la mwingine, lakini mbio zilikuwa za Olunga. Aliyekuwa akihesabu mabao yake tu katika mechi za kwanza aliona nusu ya kazi. Wajapani waliiona nzima baadaye: Novemba 2019 aliifungia Kashiwa Reysol mabao manane katika mechi moja dhidi ya Kyoto, na mwaka 2020 akamaliza ligi kuu yao na mabao 28.

Kisha ikaja katikati ya msimu, na uamuzi ninaouheshimu kuliko wote. Gor ikiwa inakwenda vizuri, ilimleta Meddie Kagere, aliyekuwa akicheza Albania na KF Tirana. Klabu nyingi hununua mshambuliaji zikiwa zimeshikwa na hofu. Kununua ukiwa mbele kuna maana nyingine: mabeki waliokuwa wamejifunza kumkaba Olunga katika mzunguko wa kwanza, sasa mzunguko wa pili wanakuta watu wawili, mmoja wa kukimbia nyuma yao na mwingine wa kusukumana nao. Kazi yote waliyoifanya kwenye mikanda ya video inapungua thamani. Kagere huyo ndiye aliyekuja kuwa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania misimu miwili mfululizo akiwa Simba.

Je, kikosi kile hakikuwa na dawa? Ilikuwepo, na ilipatikana Dar es Salaam. Katika Kombe la Kagame, la klabu za Afrika Mashariki na Kati, la Julai 2015, Gor iliifunga Yanga 2-1 katika mechi ya ufunguzi na ikaenda hadi fainali. Agosti 2 ilikutana na Azam ya Stewart Hall. Mwingereza huyo alikuwa akitumia mabeki watatu nyuma na watu wawili wa kupanda na kushuka pembeni. Tazama mpango huo unafanya nini kwa mchezo niliouelezea hapo juu. Sibomana akipanda, anakutana na mtu ambaye kazi yake ni hiyohiyo ya pembeni na ambaye hatakiwi kuwa mshambuliaji kwanza. Olunga akimvuta beki mmoja wa kati, wawili wanabaki. Krosi zinaingia na kuwakuta watu wengi. John Bocco akafunga, Kipre Tchetche akafunga, na mambo yakaishia 2-0. Bahati yetu ni kwamba katika ligi ya nyumbani hakuna aliyekuwa na watu wa kuucheza mfumo huo vizuri kwa dakika 90, na kuunakili bila watu wake ni kujichimbia shimo.

Kwa hiyo katika mechi za mwanzo wa msimu, mimi siulizi sana tumefunga ngapi. Natazama mambo ambayo bahati haiyagusi kirahisi. Tunaposhambulia kulia, beki wetu wa kushoto yuko wapi, na kiungo mkabaji yuko wapi? Tukifungwa bao, dakika kumi zinazofuata tunacheza mchezo wetu au tunabutua? Sare ikitokea, je, ni sare ambayo mpinzani aliiponea, au sisi ndio tulioiponea? Sare sita za 2015 ni sehemu ya ubingwa ule sawasawa na ushindi, kwa sababu ni siku ambazo mambo yalikataa na timu bado ikaondoka na kitu. Mambo haya huonekana vizuri ukikaa juu jukwaani nyuma ya goli kuliko kwenye viti vya katikati. Sisi wa Lucky Summer tuna bahati ya kuwa karibu na uwanja wa Kasarani, na juu kule uwanja wote husomeka.

Mwaka uliofuata unathibitisha kwamba mpangilio uwanjani ni zaidi ya majina. Mapema 2016 Olunga aliondoka kwenda Djurgården ya Uswidi, Nuttall naye akaondoka, na Mbrazili Zé Maria akaanza kujenga upya huku ligi ikiendelea. Majina mengi yalibaki yaleyale. Taji likaenda Ruaraka, kwa Tusker, na Gor ikamaliza ya pili.

Msimu huu ukianza, ndugu shabiki, acha jedwali kwa mechi kumi za kwanza. Nenda uwanjani, panda juu, ondoa macho kwenye mpira kwa dakika tano katika kila kipindi, umtazame beki wa pembeni aliye upande ambao mpira haupo. Ukimwona anajua pa kusimama, vaa jezi yako hata Jumatatu.