Je, Handaki ni Ushahidi wa Mfalme?

Kalerwe, mvua kubwa ikinyesha, mfereji wa Lubigi hufurika na maji huingia hadi kwenye vibanda vya sokoni. Kesho yake majirani hushika majembe, wakazibua mitaro ya mtaa. Hakuna anayetuamuru. Siku moja, nikiwa bado na tope miguuni, niliketi kusoma kuhusu Bigo bya Mugenyi. Ndipo nilipoanza kuitilia shaka hoja niliyokuwa nimeinakili daftarini bila kuihoji.

Bigo iko kando ya mto Katonga, wilayani Ssembabule. Mahandaki yake yakijumlishwa yanazidi kilomita 10, na sehemu nyingine zimechimbwa kwenye mwamba. Peter Shinnie alichimba huko mwaka 1957, kisha Merrick Posnansky mwaka 1960. Posnansky aliliona boma la katikati likifanana na makao ya wafalme wa Ankole, akaichukulia Bigo kuwa mji mkuu na kuihusisha na Wachwezi wa masimulizi. Hoja yenyewe inavutia: kazi kubwa huhitaji watu wengi, watu wengi huhitaji amri, na amri hutoka kwa mfalme.

Nilipomsimulia mwenzangu mmoja shaka yangu, alinicheka. Mtaro wenu, alisema, unafika magotini. Wa Bigo ungekumeza mzimamzima. Kweli, nakubali. Mwamba hauchimbwi kwa ujirani mwema wa asubuhi moja. Lakini handaki halisemi lilichimbwa kwa muda gani. Wachimbaji elfu kwa msimu mmoja na wachimbaji wachache kwa vizazi vitatu wanaweza kutuachia shimo lilelile. Posnansky aliona ukubwa wa kazi. Kasi yake aliikisia. Na mfalme wake anategemea kasi hiyo.

Kasoro ninayoiona kubwa zaidi ni mahali hoja inapoanzia. Kusini mwa Bigo, si mbali, kuna Ntusi, ambako watu waliishi kuanzia karne ya 11 hivi hadi ya 15. Huko kuna vilima viwili vya takataka za kale ambavyo wenyeji huviita dume na jike. Ndani yake mna mifupa mingi ya ng'ombe, vigae vya vyungu, na katika eneo hilo yamepatikana mawe ya kusagia na mashimo ya kuhifadhia nafaka. Andrew Reid ametumia miaka mingi kuichunguza Ntusi. Ninachokisoma katika takataka hizo ni watu waliofuga na kulima pamoja, wakajaza maghala, wakakusanyika kwa wingi, kabla mahandaki ya Bigo hayajachimbwa. Utajiri ulikuwepo kwanza. Handaki lilikuja kuuzungushia mpaka.

Tukiendelea hadi Kibiro, ufukweni mwa Ziwa Albert, ushahidi unazidi kunipa nguvu. Wanawake wa huko hutandaza udongo juu ya ardhi yenye chumvi, huuchuja kwa maji, kisha huchemsha maji hayo mpaka chumvi ibaki. Graham Connah alipochimba alikuta tabaka nene za mabaki ya kazi hiyohiyo, za karne nyingi. Bunyoro ilikula chumvi hiyo. Peter Robertshaw, aliyechimba Munsa, ameuliza waziwazi kazi ya wanawake ilikuwa na nafasi gani katika kukua kwa dola za magharibi mwa Uganda. Swali hilo halizaliwi ukiwa umesimama ukingoni mwa handaki ukimtafuta mfalme.

Na jina nalo lina mtego. Katika masimulizi Mugenyi ni Mchwezi, lakini sisi wa Kiswahili tunasikia "mgeni" mara moja. John Hanning Speke, katika kitabu chake cha mwaka 1863, alikwisha kudai kwamba falme za huku zililetwa na wafugaji kutoka nje. Ukianza na mfalme, ni rahisi mno kumfanya mgeni. Ukianza na vyungu vya Ntusi, ugeni huo unakosa pa kusimama.

Mtihani wetu wa majaribio ulituuliza jinsi Wachwezi walivyoijenga Bigo. Nilijibu kama nilivyofundishwa, nikapata alama nzuri. Nikipewa karatasi ile leo, ukurasa wa kwanza wote ungekuwa wa mifupa na mawe ya kusagia.