Kicheko na Hasira: Mtazamaji mbele ya Filamu ya Enron

Filamu ya hali halisi ihusuyo ulaghai wa kampuni hukabiliwa na tatizo lisiloikabili tamthilia: aghalabu mtazamaji huingia ukumbini akiwa amekwisha kutoa hukumu. Ndivyo ilivyo kwa *Enron: The Smartest Guys in the Room*, iliyoongozwa na Alex Gibney na kutolewa mwaka 2005. Chimbuko lake ni kitabu cha Bethany McLean na Peter Elkind cha mwaka 2003. Yasimulia kuanguka kwa kampuni ya nishati ya Houston, Texas, iliyofilisika Desemba 2001. Wafanyakazi wapatao 20,000 walipoteza kazi, na wengi walipoteza pia akiba ya uzeeni iliyokuwa katika hisa za kampuni hiyo hiyo.

Hisia ya kwanza ambayo filamu hii huiamsha ni kicheko. Mwongozaji huyaweka majigambo ya wakubwa kando ya maangamizi yanayofuata, na kinaya hicho hufanya kazi barabara. Katika mkutano mmoja, swali laulizwa iwapo wafanyakazi waweke akiba yao yote katika hisa za Enron. Jibu latolewa bila kusita, kwamba ndiyo, na watu wanacheka. Mtazamaji naye hucheka, kisha akaona haya.

Haya hiyo ina sababu. Katika ngano za Sungura na Fisi, hadhira hufurahia hila kwa kuwa mdogo amemhadaa mwenye nguvu. Hapa mwerevu ndiye mwenye nguvu, na anayehadaiwa ni mfanyakazi anayekaribia kustaafu. Ujanja uliokuwa silaha ya mnyonge umekuwa mali ya tajiri.

Baada ya kicheko huja hasira, na hapo ndipo penye udhaifu wa kazi hii. Hasira hutaka sura ya mtu. Filamu yampa mtazamaji sura tatu: Kenneth Lay, mwenyekiti; Jeffrey Skilling, mtendaji mkuu; na Andrew Fastow, mkuu wa fedha. Lakini ulaghai huu haukuwa wa watu watatu tu. Mwaka 1992 wasimamizi wa masoko ya hisa wa Marekani waliiruhusu Enron kuhesabu faida ya miaka ijayo pindi mkataba unapotiwa saini; wakaguzi wa Arthur Andersen waliziidhinisha hesabu zake; na mabenki makubwa yalitia fedha katika ubia wa Fastow. Hayo yote yamo katika filamu, ila hayana uso wa kuchukiwa. Kwa hiyo mtazamaji aweza kutoka ukumbini akiwa ameridhika kama msikilizaji wa ngano ambamo mwovu amepata malipo yake.

Sehemu iliyo bora kuliko zote haina sura hata moja. Ni sauti za simu zilizorekodiwa wakati wa upungufu wa umeme wa California, 2000 hadi 2001. Vijana wauzao umeme wanasikika wakifurahia bei zinazopanda na kumkejeli bibi kizee anayedai kurudishiwa fedha zake. Gibney aziambatanisha sauti hizo na majaribio ya Stanley Milgram kuhusu utiifu. Mlinganisho huo hautoshelezi. Watu wa Milgram wengi walitii huku wakihangaika. Vijana hawa wanafurahi. Utiifu hauwezi kueleza furaha yao, na filamu hailijibu swali hilo.

Yafaa pia kuzingatia wakati wa kutazama. Mtazamaji wa 2005 aliiona filamu hii Lay na Skilling wakingoja kesi, na hasira yake ilikuwa na kazi ya kufanya. Wote wawili walitiwa hatiani Mei 2006. Lay alifariki Julai mwaka huo kabla ya kupewa adhabu, na hukumu dhidi yake ikafutwa. Skilling alimaliza kifungo chake mwaka 2019. Mtazamaji wa leo ayajua hayo, na tena ameyaona mabenki yakitikisika mwaka 2008. Kwake yeye, swali la nani afungwe limekwisha jibiwa. Lililobaki ni la wakaguzi, wasimamizi na mabenki, na kwa ajili ya swali hilo inampasa azitazame kwa makini zile sehemu ambazo hasira ilimfanya mwenzake wa 2005 azipite upesi.